Nilimfundisha Asiitike

Mjukuu wangu alikuwa na miaka minane alipotoka katika dunia hii, akakaa huko siku nne, akarudi. Hospitali walisema malaria imempanda kichwani. Sibishani na hospitali, wao ndio waliomtundikia dripu na dripu ndiyo iliyomtoa. Lakini mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya kile kitanda. Nilimsikia anavyohema kama mtu anayepanda mlima mbio, nikaona miguu inavyokwenda chini ya shuka. Mtu aliyelala hakimbii. Yeye alikuwa anakimbia, na aliyekuwa anamfukuza, kwa maneno yake mwenyewe, ni mimi.

Nitaanza na nililolifanya mimi. Watu wengi wakisimulia huanza na waliyofanyiwa.

Tulikuwa tunakaa Kirumba, Mwanza, kule juu kwenye mawe, chumba kimoja na kibaraza cha kupikia. Ilikuwa miaka ile kila kitu kimekuwa ruksa. Viwanda vya samaki vilikuwa vimefunguliwa, sangara anaingia mzima anatoka minofu, minofu inapanda ndege inakwenda kwa Wazungu, sisi tunabaki na mfupa na kichwa. Ndiyo mapanki hayo. Nilikuwa nayakaanga karibu na soko la samaki la Mwaloni, karai kubwa, kuni mbichi, moshi kutoka asubuhi mpaka saa kumi jioni. Watu walisema mapanki ni chakula cha aibu, halafu walewale wanatuma watoto wao na sahani iliyofunikwa. Mimi sikuwahi kuona aibu. Nilikaanga yakawa makavu mpaka mfupa unasagika mdomoni, na kama kuna mwanamke pale Mwaloni aliyenizidi, basi alikuwa hajaamka.

Moshi ule ulinilisha, na ukaniachia macho mekundu. Nayataja mapema kwa sababu yana sehemu yake. Kwetu Usukumani mwanamke mzee mwenye macho mekundu hana wa kumweleza habari za kuni mbichi. Watu hawaoni moshi, wanaona uchawi. Wapo wazee wenzangu waliokatwa mapanga kwa ajili ya macho tu.

Mwanangu, baba wa huyu mtoto, alikuwa kwenye kiwanda cha nguo Nyakato mpaka wakampunguza. Ndilo neno lao, kupunguza, kama mtu ni chumvi kwenye mboga. Akaenda machimboni kutafuta dhahabu. Mkewe akarudi kwao Ukerewe na mtoto mchanga, na huyu mkubwa akaachwa kwangu kwa muda. Muda ukawa miaka mitatu.

Sasa, mtoto huyu alikuwa na tabia moja: aliitika kila kitu. Muuza maji akipita anaita "Majiii!", yeye "Naam!" Mama wa chumba cha pili akimwita mwanawe, yeye "Naam!" Siku moja alimwitikia mbuzi, nikacheka mpaka nikakaa chini. Lakini moyoni sikucheka. Miaka ile matajiri wapya walikuwa wanaota kama uyoga, leo mtu ana baiskeli, kesho ana lori, na kila lori likipita watu walisema lina mtoto chini yake. Walisema mtu anachukuliwa msukule, nyinyi mnalia, mnazika, kumbe mmezika mgomba, mwenyewe yuko mahali analimishwa. Na wanaanza kwa kukuita. Wanakuita jina lako vizuri kabisa. Ukiitika, umekwisha.

Ndipo nikamfundisha asiitike.

Nilimfundisha kama jeshi. Nilikuwa najificha nyuma ya jiwe nabadilisha sauti, namwita. Akiitika, nafinya sikio. Akajua kunyamazia sauti asiyoijua. Hiyo haikunitosha. Nikamwita kwa sauti yangu mwenyewe, akaja anakimbia anacheka, "Naam, bibi!" Nikamfinya.

"Bibi, si ni wewe!"

"Uliniona uso?"

"Sikukuona."

"Sasa ulijuaje ni mimi? Wanaweza kuvaa sauti yangu kama wewe ulivyovaa hiyo kaptura ya mtumba. Kaptura ni yako? Ilikuwa ya Mzungu."

Akaitazama kaptura yake. Akafikiri. Alikuwa mtoto wa kufikiri, hilo nalisema bila haya.

"Na wewe ukisema, ni mimi bibi yako, itika?"

"Ndivyo watakavyosema."

"Ukikasirika?"

"Watakasirika zaidi yangu. Mpaka uone uso. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Ilichukua kama wiki tatu. Baada ya hapo ungeweza kumwita mpaka sauti ikauke, yeye kimya, anainua shingo tu kutafuta uso wako. Akikuona ndipo anasema, "Naam." Nikajisifu kwa mama wa chumba cha pili, nikamwambia mtoto wangu hata shetani akiita atachoka. Alisema, "Bibi, wewe ungekuwa mwalimu, watoto wote wangefaulu." Nikafurahi. Mimi shule niliiona kwa mgongo, darasa la pili nikatolewa nikachunge, kwa hiyo neno lile lilinikaa vizuri.

Alhamisi moja akarudi kutoka shuleni saa saba, akasimama mlangoni akasema, "Bibi, jua la leo lina baridi." Akajilaza kwenye saruji na sare yake. Nilimgusa, mtoto anaungua kama karai. Nikampa klorokwini, nikamchemshia mwarobaini, akatapika vyote viwili. Ijumaa asubuhi, nikiwa namfuta, macho yakapinduka, meno yakakazana, mwili ukaanza kuruka kwenye mkeka. Degedege.

Nikamchukua mgongoni niende hospitali. Nilikuwa nimeshafika kwenye ngazi za mawe. Mama wa chumba cha pili akatoka mbio, mikono ina unga.

"Unampeleka wapi?"

"Hospitali."

"Wakamchome sindano? Degedege na sindano vikae nyumba moja? Bibi, utarudi na maiti!"

Na mimi nikasimama. Mtu wa leo ataniona mjinga. Lakini nilikuwa nimeshawaona watoto wawili wa mtaa ule, walipelekwa na degedege, wakachomwa sindano, wakafa mikononi mwa mama zao kabla pamba haijakauka. Kila mtu alijua. Leo najua walikufa kwa kucheleweshwa, sindano iliwakuta wameshaondoka. Wakati ule nilijua kinyume, na nilikijua vizuri kabisa. Nikageuka.

Tukaenda kwa mganga, mimi na jirani yangu huyo, mtoto mgongoni, kule upande wa pili wa mawe. Alikuwa mzee msafi, mpole, sina ubaya naye. Akaweka kinyesi cha tembo kwenye makaa, akamfunika mtoto blanketi juu ya moshi, akasema degedege ni ndege, moshi utamtoa. Tukakaa. Mtoto akaacha kuruka. Nikasema afadhali. Kisha akaanza kuzungumza chini ya blanketi, sauti nyembamba, kama anazungumza kutoka ndani ya mtungi.

"Mawe yana milango," alisema. "Msifungue."

Mganga akainama. "Uko wapi, mjukuu?"

Kimya. Hakuitika, maana sauti ile hakuijua. Lakini akaendelea mwenyewe. "Wanakuja. Wana macho mekundu." Akahema, akahema. Halafu akapiga kelele ambayo naisikia mpaka leo nikiosha vyombo: "Bibi ananifukuza! Bibi ananikamata!"

 Makaa yalikuwa yanalia peke yake. Mama wa chumba cha pili alikuwa ameshika goti langu, nikaona mkono wake unaondoka pole pole, kama mtu aliyeshika nyoka akidhani ni kamba. Mganga akainua uso, akanitazama. Hakunitazama mimi, alitazama macho.

"Mama," akasema, "macho yako yana muda gani hivyo?"

"Tangu viwanda vifunguliwe," nikamwambia. "Nakaanga mapanki. Unayala wewe mwenyewe."

Hakucheka. Nikamvuta mtoto kutoka kwenye blanketi, nikamfunga mgongoni, nikatoka. Hofu ya sindano iliisha palepale. Ujasiri sikuwa nao, nilikuwa sina tena mahali pengine pa kwenda. Nyuma nilisikia mama wa chumba cha pili anasema na mganga kwa sauti ya chini, na hakunifuata.

Barabarani nikakutana na kijana wa mkokoteni, wale wanaosukuma samaki na barafu. Alinijua. "Mwadila, mayu!" akanisalimia Kisukuma. "Leo umebeba sangara gani huyo, mbona mkia unaning'inia?" Kisha akaona miguu ya mtoto.  Akamwaga barafu yote ya bosi wake chini, mbele za watu, akatandika gunia. "Mweke hapa. Panda na wewe."

"Mimi nina miguu."

"Miguu ya kienyeji hiyo bibi, haina gia. Panda!"

Sikupanda. Nilikimbia pembeni nimeshika kichwa cha mtoto kisigonge mbao. Kijana alisukuma mpaka hospitali akipiga mluzi watu watupishe, akaondoka kabla sijamshukuru. Sijui kama bosi alimfukuza kwa barafu ile.

Hospitali kubwa ilikuwa imejaa. Miaka ile ndiyo walianza kutuambia tununue wenyewe, glovu, sindano, dripu, unaandikiwa unatoka nje unarudi navyo. Nilitoka nikarudi. Nesi mmoja alikuwa mtu wa Pwani, Kiswahili chake kinateleza, mkono wake mwepesi. Alimtundikia kwinini, akamfunua macho, akamminya kucha. Akanigeukia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Mwite jina lake. Taratibu. Akisikia sauti ya mtu wake atarudi upesi."

Nikainama, nikamwita.

Mtoto aliyekuwa ametulia akajikunja kama karatasi iliyoshika moto. Akageuzia uso ukutani. Pumzi zikaanza kukimbia, miguu ikaanza kwenda chini ya shuka.

"Anakusikia!" nesi akafurahi. "Mwite tena, bibi, mwite!"

Nikamwita tena. Nikamwita mara ya tatu, kwa upendo wote nilionao. Midomo yake ikafunguka, imepasuka kwa homa, akanong'ona, "Siitiki. Siitiki."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikashika chuma cha kitanda. Mtoto huyu hakuwa amepotea akili. Alikuwa mahali, anafanya kile nilichomwambia afanye, na anakifanya vizuri kuliko mtoto yeyote. Anasikia sauti yangu na haoni uso wangu, kwa kuwa macho yamefumba.

"Ni mimi," nikamwambia sikioni. "Ni mimi bibi yako wa kweli. Nimekuruhusu. Itika."

Akalia bila machozi. "Ndivyo mnavyosema."

Nesi akauliza anasema nini. Ningemweleza nini? Nilimwambia, "Anaota." Nikajaribu kumfungua macho kwa vidole ili anione. Nesi akanishika mkono, akaniambia kwa heshima, "Bibi, usimwumize." Nikakaa. Nimewahi kuzika mume, nimewahi kuona nyumba ikiungua na chakula ndani, lakini siku zote hizo mikono yangu ilikuwa na cha kushika. Siku ile nilikaa na mikono juu ya mapaja kama mgeni.

Jumamosi akawa vilevile. Nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani, nikanyamaza. Lakini kunyamaza kwangu kulikuwa kwa kuvunjika, mara nasahau, nikimlowanisha midomo namwita, anaruka, miguu inakimbia. Nilikuwa namwua kwa kumpenda.

Jumapili mchana mwanangu akafika kutoka machimboni. Watu walimpelekea habari. Nguo zina vumbi jekundu, hajala. Alikuwa amepitia nyumbani kwanza, na nilijua kwa jinsi alivyosimama mbali na mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. Alimtazama mtoto wake, akanitazama. "Mama, kule Kirumba wanasema mtoto anakutaja."

"Ananitaja."

"Wanasema anasema unamfukuza."

"Ndivyo anavyosema. Mimi nilikuwepo, hakuna haja ya kuambiwa na majirani."

"Mama!"

"Unataka niseme uongo? Mimi ndiye niliyemzaa baba yake, nikitaka nyama ya mtu ningeanza na wewe, ulikuwa mnene."

Wagonjwa wa kitanda cha jirani wakacheka. Mwanangu hakucheka, alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Nikamweleza yote, habari ya jiwe, ya kufinya, ya kaptura. Alisikiliza. Akamwinamia mtoto, akamwita kwa sauti ya baba. Mtoto akanyamaza kimya, anaendelea kukimbia. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu asikie sauti ile, na hata angeijua asingeitika. Mwanangu akainuka akasema, bila kunitazama, "Mama, kaa nje kidogo."

Nikatoka. Nilikaa kwenye ukuta wa nje pamoja na watu wanaosubiri wagonjwa, mbele yetu mawe na ziwa. Kila mtu alikuwa na sufuria yake na maneno yake. Mimi sikuwa na neno. Nilijaribu kusali, nikaona hata Mungu nitamwita na yeye ataogopa.

Hayo aliyoyaona mtoto huko alinisimulia mwenyewe akiwa na miaka kumi na tano, alipokuja likizo, tunapukusa mahindi. Nitayasimulia alivyosema.

Alisema kuna Mwanza nyingine chini ya hii, zimegusana nyayo. Wewe ukisimama juu ya jiwe huku, kule kuna mtu amesimama juu ya jiwe lilelile, kichwa chini, nyayo zenu zinagusana na hamjui. Kule ziwa liko juu kama bati la nyumba, samaki wanapita wanaonekana matumbo. Alisema watu wake hawana sauti. Wanaazima za watu wa huku. Alisikia sauti ya mwalimu wake inatoka kwa mtu asiye na shingo. Walimtaka aitike mara moja tu, basi, akiitika jiwe linajifunga na hatoki tena. Alipita kwenye uwanja wa mpira, umejaa watu mpaka juu, wote wamekaa kimya wanamtazama mdomo. Akapita katikati ya uwanja peke yake. Nyuma yake kulikuwa na mmoja anayemfukuza siku zote, hachoki, ana macho mekundu na ameshika upawa wa kukaangia.

"Nilikuwa mimi?" nikamwuliza.

"Alikuwa anafanana na wewe, bibi."

"Na mlango wa kutokea?"

Akapukusa gunzi zima kabla hajanijibu. Alisema alikuwa anauona. Sehemu yenye mwanga, kwenye ufa wa jiwe. Alifika mara nyingi. "Lakini kila nilipokaribia," alisema, "nilikusikia wewe mlangoni unaniita. Nikageuka."

 Nilichukua ungo nikaenda kupepeta, hakuna upepo, nikapepeta hivyohivyo.

Basi, Jumatatu asubuhi, mimi niko nje ukutani, ndiyo alifumbua macho. Kwinini ilikuwa imefanya kazi yake na hakuna sauti yangu chumbani. Walioniambia ni mwanangu na nesi. Nesi alikuwa anabadilisha dripu, akaona mtoto anamtazama.

"Ehee, umeamka! Unaitwa nani?"

Akamtazama juu mpaka chini. "Wewe kwanza."

Nesi akacheka, akajitaja. Ndipo na yeye akajitaja. Nesi akatoka mbio kunifuata, anapiga makofi, "Bibi, amerudi! Amerudi na jeuri yake!" Nikakimbia na miguu yangu ya kienyeji mpaka kitandani. Nikasimama mbele yake, uso wangu wote, sijafunika kitu. Sikumwita. Nilisubiri anione, kama sheria yangu ilivyosema.

Aliniona. Alinitazama macho. Akajivuta nyuma mpaka mgongo ukagusa chuma, akauliza kwa adabu kabisa, "Wewe ni yupi?"

"Mimi ni bibi yako."

Akatikisa kichwa, siyo hilo alilouliza. "Kuna wawili. Wewe ni yupi?"

Nikatafuta kitu cha kumthibitishia. Nikamwambia habari ya mbuzi aliyemwitikia, jambo la yeye na mimi. Akasema, "Na yule anaijua." Nikamwambia habari ya jino alilolificha juu ya bati asimwambie mtu. "Na yule anaijua." Kila nilichokuwa nacho, yule mwingine alikuwa ameshakisema. Nilimfundisha mtoto kutoamini sauti, na huko alikokwenda alijifunza kutoamini uso. Mwanangu akaniomba nitoke tena. Nilimsikia kupitia dirishani anakunywa uji kwa mkono wa nesi, anameza kwa sauti, na mimi niliyempikia uji miaka mitatu nimesimama kwenye majani kama mwizi.

Akakaa hospitali siku nyingine tano. Masikio yalikuwa yanamlia kwa ajili ya kwinini. Aliniruhusu kukaa mguuni pa kitanda, mradi nisisogee haraka. Siku nyingine alisahau akanicheka, halafu akakumbuka.

Kirumba mambo hayakungoja. Mchana nilikuwa nashuka kukaanga, karai langu likakaa siku tatu bila mteja. Mama wa chumba cha pili alihamishia jiko lake upande wa pili wa nyumba. Jioni ya siku ya tatu mwanangu alitoka hospitali akaja akakaa kibarazani, akasema maneno ambayo naamini yalimwuma.

"Mama, nampeleka kwa mama yake Ukerewe."

"Hapa ana nini?"

"Akirudi hapa akaota tena, akalia bibi ananifukuza, ukuta huu ni wa udongo. Watasikia. Watakuja na mapanga, na mimi sipo."

"Waje."

"Mama. Watakukata mbele yake."

Hapo alinishika. Sikuwa naogopa panga, nilikuwa na umri wa kutosha. Lakini yule mtoto aone mimi nakatwa, halafu maisha yake yote asijue aliyekatwa alikuwa yupi? Nikaenda ndani nikakunja nguo zake. Hazikujaza hata kiroba.

Siku ya meli ilikuwa asubuhi ya jua kali, gati imejaa mafuta ya taa, magodoro, kuku, wanawake wenye sauti kubwa kuliko honi. Mtoto alikuwa bado amekonda, kichwa kikubwa juu ya shingo. Alipoona maji akakwama. Akashika nguzo. Baba yake akamwambia ni ziwa tu, umeoga humo tangu mdogo. Hakutoka. Nilijua anachokiona pale chini, ingawa wakati ule alikuwa hajaniambia lolote la bati wala la nyayo. Mabaharia wakaanza kupiga kelele. "Mzee, beba huyo mtoto au mwache, tunang'oa!" Baba yake akambeba, mtoto akafumba macho, akaanza kuhema kule kuhema ninakokujua.

Nilitaka kumwita. Jina lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikaliuma.

Nikafanya kitu kingine. Nilivua kanga kichwani, nikapita katikati ya watu kwa viwiko, nikasimama ukingoni mwa gati pale ambapo akifumbua macho hataona maji kabla hajaniona mimi. Mwanamke mmoja aliniambia, "Bibi, utatumbukia!" Nikamwambia asogee. Mwanangu akamsimamisha mtoto kwenye chuma cha meli, akamnong'oneza kitu. Mtoto akafumbua macho.

Akanitazama. Hakupunga mkono. Hakuita. Meli ikang'oka, maji yakaanza kupanuka kati yetu, yeye hayatazami, ananitazama mimi, na mimi sikupepesa, jua linanichoma machoni mpaka yakatoa maji, mekundu kuliko siku zote, nikayaacha wazi. Alinitazama hivyo mpaka sura yake ikawa kama punje, na meli ikazunguka mawe.

Nimemwuliza mambo mengi tangu hapo. Ni mtu mzima sasa, fundi wa injini za boti, hakuna injini ziwa hili inayomshinda, ana watoto wake na anawaita kwa sauti ya kawaida, wanaitika. Lakini la siku ile sijamwuliza, kama alinishika kwa macho yake asizame, au alikuwa ananichunga mimi nisimfuate.